Fundi Bomba Asiyeitwa na Mtu

Kazi ya bomba, nusu ni spana na nusu ni kungoja. Watu hawalijui hili. Wanamwona fundi amelala chali chini ya sinki, wanadhani ndiyo kazi yote. Kumbe ukishazungusha ile tepu nyeupe, ukishapaka gundi, ukishakaza, unatakiwa ukae. Gundi ikauke. Tangi lijae. Maji yashuke yenyewe kwa nguvu zake, ndipo uone kama kiungo kinatoa jasho au hakitoi. Fundi anayeondoka kabla maji hayajarudi si fundi, ni mpita njia mwenye spana.

Sasa mtu angojee wapi? Nyumba ya watu huwezi kujitandaza kwenye kochi na suruali yako ina matope ya chooni. Unatoka nje. Na huko nje hakuna mtaa usio na baa.

Hapo ndipo Koki alipoanzia. Jina lake la kuzaliwa mtaa ulishalisahau siku nyingi, Koki ndiyo Koki, hata mama yake mzazi alikufa akimwita hivyo. Na alikuwa fundi hasa, tusimvunjie mtu heshima yake. Bomba likiguswa na mkono wake lilikuwa linanyamaza kama mtoto aliyepewa titi. Ila huko kwenye kungoja alianza na chupa moja, akaongeza ya pili ya kuisindikiza ile ya kwanza, mwisho wa yote akawa anangoja hata pale pasipo na cha kungojea. Wenzake wa baa wakaligeuza jina wakalifanya la kumchekea: koki za watu anazifunga, yake haifungiki. Wanacheka, halafu wanamwagizia nyingine. Marafiki wa aina hiyo unatamani uwazabe makofi mmoja mmoja, lakini ndio aliokuwa nao.

Mke wake alikuwa anashona sare za shule pale pale nyumbani, cherehani mlangoni, marobota ya kitambaa yamepangwa sakafuni. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Bomba la jikoni kwake lilivuja muda mrefu, akaomba litengenezwe, akaomba tena, akachoka akaweka ndoo. Si unajua, nyumba ya fundi ndiyo huwa mbovu.

Siku moja Koki akajitutumua. Akafunga valvu ya nje, akakata bomba bovu, akapima jipya, akaanza kuunganisha. Mke alikuwa ametoka kupeleka sare kwa wateja. Kilipobaki kiungo kimoja cha kona, Koki akakipachika tu kikavu ili aone kama kinakaa sawa, akisema gundi atapaka akirudi. Akaenda "kungoja". Huko baa, chupa zilipomwingia, kichwa chake kikamwambia kazi ilishakwisha. Akapiga simu nyumbani, akamwambia binti yake mkubwa afungue valvu, maji yaanze kuja.

Yalikuja kweli. Kona ikaruka kama kizibo, maji yakatapakaa jikoni, yakaingia chumbani, yakaingia kwenye marobota. Mdogo wake alikimbia kuokoa vitabu vyake, akateleza, kidevu kikapasukia kwenye mguu wa cherehani. Mama yao aliporudi aliwakuta wote wawili wamesimama juu ya kitanda, mmoja analia, mwenzake amembana kidevu na kipande cha sare. Baba mtu alifika baadaye kidogo, anaimba.

Mke hakupiga kelele. Alikusanya nguo za watoto, akaenda nao kwa kaka yake, muuza matairi. Koki alimfuata huko siku ya pili, macho yamevimba, akaanza kuapa. Mkewe akamnyamazisha kwa mkono.

"Umeapa kwa Mungu. Umeapa kwa kaburi la mama yako. Umeapa kwa hawa watoto na ona kidevu cha huyu. Mdomo wako mimi nimeuchoka, baba watoto. Siku ukiacha, lete mdomo wa mtu mwingine uje uniambie. Wako sitausikiliza."

Shemeji yake aliyekuwa anapiga jeki gari la mteja aliguna tu, hata kichwa hakuinua. Na kuguna kwa shemeji kunauma kuliko tusi.

Basi, tangu hapo Koki akawa na kitu kimoja tu alichokitaka duniani: mtu wa kumsemea. Lakini asemewe na nani? Wa baa? Mwenye duka la vifaa, anayemkopesha spana akimwona macho makavu na kumnyima akimwona mekundu? Alijaribu kuacha peke yake. Alifanya kazi, akangoja ndani kwa watu amesimama wima ukutani kama mwizi aliyekamatwa, mikono inamtetemeka mpaka mama mwenye nyumba akamuuliza kama ana homa. Akasema ndiyo. Jioni yake akanywa dawa ya hiyo homa.

Halafu siku moja bomba la chuma likamkata kiganja. Kule zahanati, muuguzi aliyemshona alikuwa mama mmoja mfupi, hana haraka. Alinusa mara moja. Hakumtolea hotuba, na hilo ndilo lililomshangaza Koki, maana kila mtu mwingine duniani alikuwa na hotuba yake mfukoni. Alifunga bendeji, akasema kuna watu wanakutana kila Alhamisi jioni kwenye jengo la posta ya zamani, nyuma ya stendi, ghorofa ya tatu. Watu waliokuwa na shida kama yake. Mlangoni hawajaweka kibao, kwa ajili ya siri.

"Sasa nitaujuaje mlango?"

"Uliza."

"Niulize nani?"

"Uliza tu, kaka. Utaonyeshwa."

Uliza tu. Rahisi kwa mwenye kusema. Fundi bomba ni mtu anayeachiwa chumba cha kulala cha watu, bafu la watu, na ufunguo, mwenye nyumba akiwa kazini. Leo asimame barabarani aulize walevi wanakutana wapi, kesho nani atamfungulia mlango? Koki alikuwa anaamini siri yake imekazwa vizuri. Alikuwa anatafuna karafuu. Karafuu jamani, na harufu unaipata kabla hajapiga kona.

Alhamisi ya kwanza alienda na mfuko wake wa spana begani, kwa sababu bila huo mfuko alijisikia uchi. Posta ya zamani ilikuwa jengo refu lenye ngazi za giza, vyumba vimepangishwa ovyo: fundi saa, mpiga picha za pasipoti, ofisi ya mazishi, chumba cha kujifunza kuchapa. Chini mlangoni alikaa mlinzi, mtu mwenye tumbo na rungu, aliyejipa cheo mwenyewe. Kila mtu alimwita Meneja, la sivyo hakuitika.

"Fundi," Meneja akamwita kabla hajapandisha mguu. "Nani kakuita?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Koki alifungua mdomo kuuliza kama alivyoambiwa, na mdomo ukamtoroka.

"Nimeitwa kuangalia bomba linalovuja."

Meneja alisimama kwa furaha kama aliyeletewa posa. Aliyekwambia jengo lile lilikosa bomba linalovuja ni nani? Alimshika mkono Koki, akamsifu mwenye jengo kwamba hatimaye kakumbuka watu wake, akampeleka moja kwa moja kwenye choo cha ghorofa ya kwanza, ambacho kilikuwa kimeziba hata inzi wamekihama. Akasimama nyuma yake kumsimamia. Koki aliinama na waya wake, anasukuma, anavuta, anasikia watu wanapanda ngazi kwenda juu. Viatu vizito, viatu vyepesi, mmoja anakohoa. Alijua kabisa ndio wenyewe. Angeweza kuacha waya akawafuata. Lakini fundi gani anaacha choo katikati na mwenye choo amesimama hapo?

Alipomaliza, wale watu walikuwa wanashuka. Meneja akamwambia Mungu atamlipa. Koki akaenda baa akanawa mikono huko huko.

Alhamisi iliyofuata alijipanga. Alivizia Meneja ameenda kununua sigara, akaruka ngazi mbili mbili mpaka ghorofa ya tatu, pumzi imemkata. Milango minne, kibao hakuna hata kimoja. Mmoja ulikuwa wazi nusu, ndani kuna viti vimezungushwa duara, na watu saba wanane wamekaa na vikombe vya chai. Hakuna aliyefanana na mlevi. Ndicho kilichomtia hofu. Kulikuwa na bwana mmoja wa tai na mkoba wa ngozi. Kulikuwa na binti aliyevaa kofia ya sufu na joto lote lile, ameshika kikombe kwa mikono miwili na chai inacheza ndani yake. Na mbele yao alikaa mama mnene mwenye sauti ya sokoni, muuza mashuka, bidhaa zake zimefungwa miguuni pake. Ndiye aliyemwona kwanza.

"Karibu baba. Tukusaidie nini?"

Wote wakageuka. Koki akaona macho, akaona kiti kimoja kitupu, akaona kwamba akikikalia hicho kiti, ameshasema. Na kwenye kona ya chumba, ona shetani alivyo na adabu, kulikuwa na sinki dogo kuukuu, linadondosha tone, tone, tone kwenye kopo la maziwa.

"Nimeitwa kuangalia hilo sinki," akasema.

"Alhamdulillahi," yule mama akasema. "Tumelilalamikia hata tumechoka. Fanya baba, fanya."

Koki akaingia chini ya sinki kama panya kwenye tundu. Alipopata giza na harufu ya kutu alijisikia nyumbani. Akapanga akilini: watu hawa wataanza mazungumzo yao, yeye atasikiliza hapa hapa akiwa amelala, hakuna atakayemwona uso, atajifunza dawa yao ni ipi, ataondoka nayo. Mpango mzuri. Akafunga valvu ya ukutani, ile ya ghorofa nzima, akafungua nati ya kwanza, akangoja waanze.

Hawakuanza.

Mtu mmoja alikohoa. Kikombe kiligonga sakafu. Bwana wa tai aliuliza saa, akajibiwa, akapiga ulimi. Koki akafungua nati ya pili. Kimya. Mwishowe muuza mashuka akaja mpaka karibu na miguu yake, akamwambia kwa upole kwamba wao wana kikao chao pale, kikao cha faragha kidogo, na mbele ya mtu wa nje huwa hawazungumzi, si kwa ubaya. Kwa hiyo kazi yake itachukua muda gani?

"Kidogo tu, mama," Koki akajibu.

Sasa fikiria mtu huyu. Akimaliza upesi, inabidi atoke, maana fundi aliyemaliza anafunga mfuko anaaga. Asipomaliza, kikao hakianzi. Alichokifanya ni kichaa cha fundi peke yake: akaanza kufungua hata visivyovuja. Akatoa lile bomba lililopinda, akatoa koki yenyewe, akatoa mpira wa ndani ambao haukuwa na kosa lolote, akavipanga kifuani pake kama maiti aliyezikwa na vyombo vyake. Kila nati aliyoilegeza ilikuwa inamfungia zaidi mle ndani. Jasho linamtoka. Kiu nayo, ile yenyewe, ikaanza kumpanda kooni. Akawaza baa iko hatua chache tu hapo chini, na hakuna atakayemlaumu mtu aliyetoka kazini.

Kisha kiti kikaburuzwa.

"Mimi naenda," sauti ya yule binti wa kofia ikasema. "Nitakuja siku nyingine."

"Kaa mwanangu," muuza mashuka akasema. "Fundi anamaliza sasa hivi."

"Siwezi kukaa. Nilitaka kusema leo. Nikikaa kimya kimya hivi na hii mikono, nitatoka nikanywe. Bora niende."

Kila mmoja mle ndani alijua "naenda" ya namna hiyo inaishia wapi. Koki pia alijua. Kutoka pale alipolala aliona viatu vya binti tu, raba nyeupe, kamba moja imefunguka inaburuta, vinaelekea mlangoni. Vilimfanya aone miguu ya wanawe juu ya kile kitanda. Akainuka kwa haraka, paji la uso likaligonga sinki kwa kishindo, vyuma vikamwagika sakafuni.

"Dada usiondoke," akasema akiwa bado chini, ameshika kichwa. "Anayetakiwa kuondoka ni mimi. Yaani... hakuna aliyeniita."

Raba zikasimama.

"Hukuitwa?" muuza mashuka akauliza. "Wewe si fundi?"

"Fundi ni fundi. Ila sikuitwa na mtu. Nilikuja kwa hicho hicho mlichojia nyie. Wiki iliyopita nilikuja pia, nikaishia chooni kwa Meneja."

Bwana wa tai akaanza kucheka, kicheko cha puani anachokizuia kinamshinda, na mwingine akafuata. Si cha dharau. Muuza mashuka peke yake hakucheka.

"Basi toka huko chini, mwanangu," akasema. "Sisi hapa hatuzungumzi na miguu."

Akatoka. Shati limelowa, paji la uso lina nundu, mkononi kashika mpira wa koki asijue pa kuuweka. Akakalia kile kiti. Binti akarudi akakaa naye, akavua kofia, akaongea yeye kwanza, na aliyoyasema hayaandikwi hapa kwa sababu si ya kwetu. Koki alipopewa nafasi alisema maneno manne tu kuhusu kidevu cha mtoto, la tano likamkwama. Hakuna aliyemsukuma. Akabaki anautazama ule mpira.

Lakini yeye alikuja na haja yake, hakuwa ameisahau. Watu walipoanza kuosha vikombe kwenye ndoo, akamfuata muuza mashuka, akamweleza habari ya mkewe, jinsi anavyotaka mdomo wa mtu mwingine. Akatoa simu. Akamwomba aseme neno moja tu: huyu alikuja. Basi. Hata jina asitaje.

Yule mama aliitazama simu kama mtu anayetazama chakula cha jirani akiwa na njaa.

"Siwezi, baba."

"Neno moja, mama."

"Leo nimwambie mkeo nimekuona hapa. Kesho mke wa huyu hapa aje aniulize, nitamficha vipi? Kinachoingia humu hakitoki. Ndiyo maana binti kasema. Ndiyo maana hata wewe umesema."

Koki akawaka. Akasema sasa wao wana faida gani, mtu kajivua nguo mbele yao na bado hawawezi kumpa hata shahidi, bora angebaki chooni. Alisema kwa sauti na hakuomba radhi. Bwana wa tai akafunga mkoba wake, akamwambia taratibu kwamba yeye huja kila wiki, na nyumbani kwake wanajua anajifunza kompyuta. Kisha akaondoka. Hasira ya Koki ikakosa pa kutua.

Akarudisha vyuma vya watu, maana maji ya ghorofa nzima alikuwa ameyafunga yeye. Akapaka, akakaza, akafungua valvu, akakaa kungoja. Muuza mashuka akangoja naye, amekalia mzigo wake. Kiungo hakikutoa jasho.

Alipofika barabarani akampigia mkewe. Alimwambia yote, mahali, ghorofa, siku. Mke akauliza alikuwa na nani. Na watu, Koki akasema. Mke akasema basi mpe mmoja simu. Koki akasema hawawezi, wana sheria yao.

"Baba watoto," mkewe akasema, "zamani hata uongo wako ulikuwa na akili." Simu ikakatika.

Ndiyo hivyo. Mara moja maishani mtu anasema kweli, na hiyo kweli ndiyo inayofanana na uongo kuliko uongo wote aliowahi kuusema. Wiki ile ilimbana kama bomba la nusu inchi. Akiwa nyumbani, kuta zinanuka unyevu wa mafuriko yake mwenyewe, na alama ya maji iko pale pale juu ya mguu wa kitanda. Akitoka nje, wenzake wa baa wanampigia miluzi, wanauliza Koki kaokoka lini, mbona hawakualikwa. Akienda kazini, kungoja. Alingoja akiosha spana. Alingoja akihesabu vigae vya bafu la watu. Jumamosi, tangi la mteja mmoja lilikuwa kubwa na maji yalikuja kwa kudondoka, na mwenye nyumba mwenyewe, kwa wema wake, akamletea fundi chupa ya baridi kwenye sahani. Aliinywa. Akaenda kuitafutia wenzake.

Jumapili aliamka amelala sakafuni kwenye kile kitambaa cha sare kilichoharibika, akajua hana shahidi, hana siku hata moja ya kuonyesha, na hana mdomo. Alhamisi ilipofika hakuwa na sababu ya kwenda popote. Alitoka kazini, miguu ikampeleka. Hata yeye angeulizwa asingejua kwa nini, labda ni kwa sababu ile saa kikao kinapokaa ndiyo saa baa inapochangamka, na alihitaji kuwa mahali.

Kwenye benchi la Meneja, pale mlangoni, alikaa mkewe.

Alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, pochi mapajani, mgongo wima. Watoto hakuja nao. Hakumsalimu. Kwa jinsi alivyokaa ilionekana wazi amekuja kumkamata: amekaa pale tangu mapema kuhakikisha hatakuja, ili arudi kwa kaka yake amalize habari. Koki alisimama ngazi ya kwanza, mfuko begani, ameganda.

Meneja ndiye aliyevunja kimya, maana mtu yule kimya hakimpiti salama.

"Fundi wangu. Afadhali. Kule juu boya la tangi limekufa, maji yanamwagika paani. Twende nikuonyeshe."

Koki alimtazama Meneja, akamtazama mkewe. Ngazi nyuma ya Meneja ilikuwa wazi. Angeweza kusema haya twende, akapandishwa paani kama fundi, heshima zake zote begani, mke akarudi zake. Karafuu aliyokuwa anaitafuna akaitema kwenye kiganja.

"Leo sipandi paani, Meneja. Naenda ghorofa ya tatu. Kwa walevi wenzangu."

"Aa." Meneja wala hakushtuka. "Si ungesema tangu siku ile? Mimi nilikuwa nanusa tu, nikajua umepotea mlango. Lakini choo ulikizibua vizuri."

Mkewe akainua uso. Alimkagua mumewe jinsi anavyokagua mshono wa sare kabla haijaenda kwa mteja, polepole, pindo kwa pindo.

"Umekunywa?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, lile la siku zote, na kiapo chake kimeshaning'inia pembeni.

"Jumamosi," Koki akasema. "Jumamosi nilikunywa. Nyingi."

Mtu angetegemea anyanyuke, achukue pochi yake, aende. Hata Meneja alisogeza miguu kumpisha. Mwanamke hakunyanyuka. Alikaa akimwangalia tu, na kwenye uso wake kulikuwa na kitu ambacho Koki hakukijua, hasira siyo, msamaha siyo, kama mtu aliyesikia sauti ya mgeni ndani ya nyumba yake na hajajua bado ni mwizi au ni nani.

"Panda basi," akasema.

"Na wewe?"

"Mimi nimekwambia panda."

"Nikishuka utakuwepo?"

Mke aliifungua pochi, akatoa sindano na kipande cha ukosi wa shati la mtoto, akaanza kushona pale pale kwenye mwanga mdogo wa mlangoni. Koki akapanda. Kila baada ya ngazi chache alisimama, akatega sikio kusikia kama viatu vya mkewe vinaondoka. Hakusikia viatu. Ila na ngazi zile zilikuwa ndefu, na kelele za stendi zilikuwa nyingi, kwa hiyo kutosikia kwake hakukumhakikishia kitu. Juu, mlango ulikuwa wazi nusu, na muuza mashuka alishaanza kuzungusha viti.